Kazi za kiangazi zisingoje vuli

Kila mwaka, kiangazi kinapokaribia kwisha, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mvua za vuli. Mkoa wa Mara humo kila mara, maana ni miongoni mwa mikoa ya Kanda ya Ziwa inayopata mvua mara mbili kwa mwaka. Utabiri husomwa redioni, huandikwa magazetini, wananchi huuzungumza kwa siku mbili tatu, kisha kila mtu hurudi kwenye shughuli zake mpaka siku mvua ya kwanza itakapoikata barabara.

Leo tunataka kuizungumzia Wilaya ya Butiama pamoja na jirani zake wa Musoma na Bunda. Hatusemi kuwa hali yao ni mbaya kuliko ya wengine. Tunawataja kwa sababu huko Oktoba ina mambo mawili kwa pamoja. Ndio mwezi mvua za vuli zinapoanza, na ndio mwezi taifa linapomkumbuka Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki dunia tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa nyumbani kwake Butiama. Wageni huwa wengi. Wako wa Serikali, wa Chama, wanafunzi wanaokwenda kuitazama makumbusho, na watu wa kawaida wanaokwenda kuzuru kaburi.

Sasa, sisi Watanzania tunazo tabia zetu, na mojawapo ni kufagia ua mgeni akiwa njiani. Mwananchi wa mahali popote nchini anajua greda likionekana barabarani maana yake ni nini. Mtu huuliza, "Nani anakuja?" Hatuna ugomvi na wageni, na ua uliofagiwa kwa ajili ya mgeni ni safi vilevile. Lakini mvua haina itifaki. Haipiti katika barabara kuu ya lami peke yake. Inapita pia katika njia za kwenda Busegwe, Bumangi na Buhemba, na katika vijia ambavyo mama mjamzito hupitishwa akibebwa kwa pikipiki. Huko karavati moja lililoziba kwa mchanga na majani ya mahindi linatosha kuyapandisha maji yapite juu ya barabara, na yakishapita juu mara mbili tatu barabara imekwenda. Kuzibua karavati ni kazi ya vijana wanne na majembe kwa asubuhi moja. Kuijenga upya sehemu iliyokatika ni kazi ya mkandarasi, na mkandarasi hungoja fedha.

Na hapa ndipo ilipo shida ambayo haisemwi vya kutosha. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Baada ya hapo kuna kupokea fungu, kutangaza zabuni, kuzifungua, kuzitathmini, kutia saini mkataba, na mkandarasi kuleta mitambo. Hesabu miezi. Julai, Agosti, Septemba, na mara vuli imeingia. Kazi iliyopangwa kufanyika udongo ukiwa mkavu inaanza udongo ukiwa tope, greda linachimba mashimo mapya badala ya kuyafukia ya zamani, na mwananchi anayepita anaamini kuwa ameibiwa hata pale ambapo hakuna aliyeiba. Kalenda ya fedha na kalenda ya mvua hazijapatana. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ambao ulianzishwa mwaka 2017, na halmashauri zote za mikoa yenye vuli, hawana budi kulifikiria jambo hili kwa dhati. Makabrasha ya zabuni yatayarishwe kabla ya Julai, ili fedha ikitoka ikute kila kitu tayari. Fedha ya matengenezo ikitoka Novemba imechelewa, hata kama kwenye vitabu inaonekana imetoka ndani ya mwaka wake.

Tuje kwenye maji, maana hapo ndipo penye uzito zaidi.

Ziwa Victoria liko jirani, lakini kwa miaka mingi mtu wa Butiama ameliona ziwa kama mtu wa pwani anavyoiona meli: inaonekana, haipandiki. Mwaka 1971 nchi yetu ilianza mpango wa miaka ishirini wa kuhakikisha kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini anapata maji safi kwa mwendo usiozidi mita 400. Mwaka 1991 ulifika na kupita, na wanawake bado walikuwa na ndoo kichwani. Ndiyo sababu mradi mkubwa wa Mugango, Kiabakari na Butiama, unaotoa maji ziwani, umepokelewa kwa furaha. Ni mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 70, ulioungwa mkono kwa fedha za Benki ya Kiarabu kwa Maendeleo ya Kiuchumi ya Afrika na za Mfuko wa Maendeleo wa Saudia, na umejengwa kwa uwezo wa kuzalisha lita milioni 35 kwa siku.

Bomba kubwa, hata hivyo, ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kilula cha kijijini na mahesabu yake, na mahesabu ya maji yana misimu. Kiangazi, visima vya wazi vinapokauka na malambo yanapobaki matope ya ng'ombe, watu hupanga foleni kwenye kilula na fedha huingia. Vuli ikianza, watu hukinga maji ya bati, huchota kwenye madimbwi na mito midogo, na kilula hubaki na kuku wanaokunywa matone. Mapato hushuka. Lakini umeme au mafuta ya mashine hayashuki, na mlinzi anataka posho yake ileile. Chombo cha watumia maji ambacho hakikuweka akiba kiangazi hushindwa kulipa, na mashine husimama. Ndipo hata yule aliyekuwa tayari kununua maji safi hulazimika kwenda dimbwini.

Mvua za kwanza ndizo zinazosomba kila kilichoachwa juu ya ardhi tangu Juni. Husomba mavi ya ng'ombe, na mavi ya watu pia kwa kaya zisizo na choo, na kuyapeleka kisimani, mtoni na ziwani. Kwa hiyo maji salama husimama katika wiki zilezile ambazo maji ya dimbwi yana hatari kuliko wakati mwingine wowote. Mwezi Septemba 2023 mkoa wa Mara uliripoti mlipuko wa kipindupindu. Ugonjwa huu si mgeni nchini. Tuliuona mwaka 1978, na tuliuona tena ulipoanzia Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa katika mikoa mingi. Mtu mzima mwenye afya anaweza kufa kwa siku moja kwa kuishiwa maji mwilini, na dawa yake ya kwanza ni kitu rahisi sana, maji ya chumvi na sukari ya kopo la zahanati, yakiwahi. Yakiwahi, na barabara ikipitika.

Hapo ndipo mambo haya yanapokutana, na ndiyo maana hatupendi yanapogawanywa kwenye mafaili tofauti. Karavati ni suala la afya, na daftari la mapato ya maji ni suala la afya.

Wazee watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa vikundi vikundi chini ya miti wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Waliifanya kazi hiyo mamilioni ya watu wazima. Hatusemi kila kitu cha wakati ule kilikuwa kizuri. Vyoo vingine vilichimbwa kwa kuogopa mgambo na havikutumika. Lakini kampeni ile ilikuwa na jambo moja ambalo leo tumelipoteza: ujumbe, siku ya kazi na mtu wa kukagua vilikwenda pamoja. Leo ujumbe unafika haraka kwa simu, na choo hakichimbwi.

Nani basi aanze? Wapo watakaosema ni kazi ya Serikali. Ni kweli, na Serikali iko mpaka kijijini. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa kwa mpango wa madaraka mikoani. Ikaonekana kuwa mambo ya mtaro na kisima hayaendeshwi vizuri kutoka mbali, sheria mpya ikatungwa mwaka 1982, halmashauri zikarudi mwaka 1984, na Mwalimu mwenyewe alikiri kuwa kuzifuta lilikuwa kosa. Sheria hiyo ya 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka kumi na minane na zaidi, nao hupaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Viongozi wa vijiji waliochaguliwa Novemba 2024 hawahitaji kibali cha mtu kuuitisha.

Tunachoomba ni kwamba mmoja kati ya mikutano hiyo ufanyike kabla vuli haijaingia, na ajenda yake iwe vuli. Mapato na matumizi ya maji yasomwe kwa tarakimu, si kwa maneno "hali inaridhisha". Isemwe akiba iliyopo itaendesha mashine kwa wiki ngapi watu wakipungua kilulani. Ikiwa haitoshi, wananchi waamue hapohapo kama wataongeza mchango au watapunguza saa za kusukuma maji. Kusukuma saa mbili kila siku kunajulikana na kunapangika, kuliko kusukuma siku nzima kwa wiki tatu kisha kimya. Kila kitongoji kitaje makaravati yake na siku ya kuyazibua. Mabwana afya wapite kaya kwa kaya wakati ardhi ni kavu na shimo la choo linachimbika. Wakipita Desemba watakuta shimo limejaa maji, na faini haitalikausha.

Kwa wenzetu wa ufukweni, kuanzia Musoma hadi vijiji vya wavuvi vya Bunda, kuna la ziada. Dagaa wanaoanikwa mchangani huharibika mvua ikinyesha, na wakati huohuo choo kilicho karibu na maji hufurika. Ziwa lenyewe halitabiriki kama zamani. Mvua za 1961 zililipandisha, na mwaka 2020 lilipanda tena hadi likafunika vibanda na mialo. Mwenye kujenga choo cha mwalo aangalie alama ya maji ya mwaka huo, si ya kiangazi hiki.

Mto Mara nao usisahauliwe. Machi 2022 maji yake yaligeuka meusi na samaki wakafa, na wananchi wa upande wa Kirumi wakazuiwa kuyatumia kwa muda. Kijiji ambacho chanzo chake ni kimoja tu, siku kama hiyo hakina pa kwenda. Hilo nalo lijadiliwe mkutanoni, kijiji kina chanzo gani cha pili.

La mwisho ni matangazo. Mara nyingi huduma ipo lakini habari yake haipo. Siku ya chanjo ya ng'ombe imebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji ambayo imefungwa. Maji yatakatika siku mbili kwa matengenezo, na anayejua ni fundi na jamaa zake. Watu wa Mara wana minada yao, wana makanisa na misikiti, wana shule ambazo mtoto akipewa karatasi huifikisha nyumbani. Tangazo lisomwe mnadani na kwenye ibada, kwa Kiswahili na kwa lugha ambayo bibi wa kijijini anaielewa. Haligharimu kitu.

Ukurasa huu utafurahi kupokea barua kutoka vijiji vya Butiama, Musoma na Bunda vitakavyofanya mkutano wa vuli mwaka huu. Waandishi watueleze tarehe ya mkutano, akiba ya maji iliyosomwa na idadi ya makaravati yaliyozibuliwa. Kijiji ambacho kiongozi wake amekataa kuitisha mkutano nacho kituandikie, kieleze sababu aliyoitoa.