Adui wa Manukato ni Jua, si Muuzaji

Pafyumu ikipotea harufu, wa kwanza kulaumiwa ni muuzaji: katuuzia feki. Feki zipo, hilo halina ubishi, lakini naamini chupa nyingi zinazoletwa huku kwetu Kikoneni kutoka Ukunda na Mombasa hufika nyumbani zikiwa nzima, kisha zikaharibikia humohumo. Huwekwa kwenye meza ya kioo, kando ya dirisha, chini ya mabati ambayo ikifika saa nane mchana chumba hakikaliki. Joto, mwanga na hewa ndivyo vinavyoua manukato, na chumba hicho kina vyote vitatu. Harufu ya ndimu na machungwa ndiyo hutangulia kwenda. Kisha maji ya pafyumu huiva rangi kama chai ya mkandaa, na ukijipulizia unasikia ukali wa spiriti tu. Tena kuna madhara: limonini, iliyomo katika mafuta ya maganda ya machungwa, ikikaa na hewa muda mrefu hugeuka kitu kinachoweza kuwasha ngozi.

Kwa hiyo tununue chupa ndogo. Najua jibu litakalokuja: chupa ya mililita 100 ni nafuu zaidi ukipiga hesabu kwa mililita. Hesabu hiyo ni ya dukani. Anayejitia manukato Ijumaa na siku za harusi ataimaliza lini? Kila inavyopungua, hewa inachukua nafasi ndani yake, na nusu ya mwisho ndiyo inayoharibika kwa kasi. Kwa joto letu, mafuta yasiyo na spiriti, yale ya vichupa vya mililita 3 au 6, yanafaa zaidi, maana spiriti huruka upesi na mafuta hubaki ngozini. Tone moja nyuma ya sikio latosha. Wanaojimwagia shingo nzima wanawaonea wenzao ndani ya matatu. Ukienda kununua, jipake mkononi, zunguka sokoni nusu saa, ndipo unuse tena, kwa sababu harufu ya mwanzo ni ya vile vinavyoruka kwanza. Nyumbani, kiweke kichupa ndani ya boksi lake, kwenye kabati au sanduku la nguo. Jokofu si lazima. Bibi zetu waliotia manukato yao kashani, katikati ya leso zilizofukizwa udi, walikuwa wameshalimaliza suala la giza.

Wapo watakaosema tuachane na viwanda, turudi kwenye maua. Nawaunga mkono kwa sehemu. Mlangilangi umo ndani ya pafyumu ya Chanel No. 5 tangu 1921, na nazi tunazo. Asumini hufunguka jioni na haipendi mvuke wa moto, hivyo kuiloweka katika mafuta ya nazi bila kuyachemsha ni njia ya busara kabisa: maua yaanikwe kivulini yanyauke kwanza, yalowe siku mbili tatu, yachujwe, yatiwe mengine. Unyevu wa ua bichi ukibaki ndani, mafuta yatavunda. Lakini asili haina msamaha kwa mzembe. Mafuta hayo huchacha upesi kuliko pafyumu ya dukani, basi yatengenezwe kidogo kidogo. Na mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa, ukiyapaka kisha ukatoka juani, yanaweza kukuunguza ngozi ikabaki na mabaka meusi.

Kuna na asili inayotugharimu miti. Mafuta ya msandali hutoka kwenye kiini cha shina na mizizi, hivyo wavunaji huung'oa mti mzima. Rais Mwai Kibaki alipiga marufuku uvunaji wake nchini Kenya mwaka 2007, na mwaka 2013 mti huo ukaingizwa katika mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Magendo hayakukoma. Kati ya sandali ya maabara na mafuta ya mti ulioibwa msituni, mimi nitachukua ya maabara bila haya.

Wenye maduka nao wana lao la kufanya. Vichupa vinavyopangwa kwenye kioo cha mbele vikapigwa na jua kutwa vimeshaanza kuharibika kabla ya kuuzwa. Waache pale maboksi matupu, vichupa vyenyewe vikae rafu ya nyuma, na mteja aonjeshwe kwa kichupa kimoja cha majaribio.