Waraka kwa Wanachama: Korosho Inayouzwa Ikiwa Bado Ua

Kwa wanachama wote wa chama chetu cha msingi, na wenzi wao walioko nyumbani



Mnada wa mwisho umepita, na wengi wenu mmeshapokea malipo benki. Nimechagua kuwaandikia sasa kwa makusudi. Mwezi wa Oktoba hakuna anayetaka kusikia habari za umaskini, na ikifika Machi anayezisikia huwa ameshauza.

Nazungumzia kangomba, yaani korosho kuuzwa pembeni, nje ya mnada, mara nyingi kabla hata haijavunwa. Viongozi wanaokuja kwa magari huikemea jukwaani kila mwaka, tunapiga makofi, na jioni biashara inaendelea nyuma ya nyumba, kwa bakuli lisilojua mzani. Basi tuisemee wenyewe.

Tuseme mama mmoja mwanachama ana mikorosho inayompa kilo 300. Mwezi wa Februari ghala la chakula limekwisha, mahindi mapya bado yako shambani, na mtoto anaumwa. Anakwenda kwa mtu mwenye fedha, anapewa shilingi 100,000 kwa ahadi ya kilo 100 msimu ukifika. Msimu unafika, mnadani kilo inauzwa, tuseme, shilingi 3,000. Kwa hiyo 100,000 aliyokopa anailipa kwa 300,000, ndani ya miezi minane au tisa. Hakuna benki Tanzania inayothubutu kutangaza riba ya namna hiyo. Na kumbukeni hapo sijahesabu bakuli, ambalo mara zote hujazwa kwa kilima.

Watu wa nje wakitutazama husema wakulima wa korosho ni wavivu, au fedha zetu zinaishia kwenye ngoma. Nawaomba tusiwe wepesi kulirudia neno hilo juu ya wenzetu. Wazee waliopo wanakumbuka msimu wa 1973/74, nchi ilipovuna zaidi ya tani 140,000, na nyingi zilitoka huku kusini. Miaka kumi na mitatu baadaye, msimu wa 1986/87, mavuno hayakufika tani 20,000. Je, watu wote wa Mtwara na Lindi walishikwa na uvivu kwa pamoja? Katikati hapo palipita Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa mbali na mikorosho yao, mashamba yakageuka pori na kuchomwa moto. Ukaja ugonjwa wa ubwiriunga ukakausha maua. Bei aliyolipwa mkulima ikawa haitoshi hata kumlipa mpaliliaji. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa Newala, Masasi, Mtama, Lindi na kwingineko vikasimama kimoja baada ya kingine, na vingine vikaishia kuwa maghala. Mpaka leo sehemu kubwa ya korosho yetu inapanda meli na maganda yake kwenda India na Vietnam, na kazi ya kubangua, ambayo ingewapa mabinti zetu mshahara wa miezi yote, inafanywa na mabinti wa wenzetu.

Hayo yana ukubwa wake, na chama cha msingi peke yake hakiyawezi. Lakini miezi ya masika tunaiweza.

Umaskini wa kwetu una majira. Mwenye shamba si fukara Novemba. Anakuwa fukara Februari, na yanayomtokea Februari ndiyo yanayoamua Novemba ijayo. Akikosa chakula anakwenda kulima kibarua kwa jirani siku zilezile ambazo shamba lake linahitaji jembe. Nyasi zinapanda chini ya mikorosho. Ikifika Juni, wakati wa kupulizia, hata kama salfa imekuja kwa ruzuku, mashine inakodishwa, petroli inanunuliwa, na yeye hana. Maua yanaungua, zile kilo 300 zinashuka zinakuwa 150, na 100 kati ya hizo zina mwenyewe tayari. Mwaka wa pili anaweka bondi mikorosho yenyewe, misimu miwili au mitatu. Hapo mwenye shamba anaokota korosho za chini ya miti aliyoipanda baba yake, kwa ujira.

Watoto nao wanaguswa. Ada ya shule ilifutwa hadi kidato cha nne tangu Januari 2016, na tunashukuru. Sare, madaftari, na chakula cha mchana havikufutwa. Mtoto anayekwenda shule na njaa kwa miezi mitatu anaachwa nyuma kimyakimya, na kwa binti hatua inayofuata mnaijua.

Lakini kuna athari moja ambayo sijaisikia ikitajwa kwenye semina yoyote, nayo ndiyo inayonitia hofu zaidi. Mwenye deni hasemi mkutanoni. Mmeona mara ngapi mtu ananyanyua mkono kuhoji unyaufu, yaani uzito unaodaiwa kupungua korosho ikikauka, au makato asiyoyaelewa, kisha anaushusha baada ya kumtazama fulani aliyekaa safu ya mbele? Wanunuzi wa kangomba hawatoki mbali siku zote. Wengine ni wanachama wenye kadi kama zetu, nao huleta ghalani kilo nyingi kuliko ambazo mashamba yao yanaweza kuzaa. Wakigombea uongozi, wadaiwa wao ndio wapiga kura wao. Umaskini wa mtu mmoja hapo umeshakuwa mzani mbovu wa chama kizima.

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kwenye korosho msimu wa 2007/08, nia ilikuwa kumtoa mkulima mikononi mwa mchuuzi na kumfikisha mnadani. Naamini umesaidia bei. Haukumpa mkulima cha kula kabla ya mnada, na malipo yanapochelewa, kama msimu wa 2018/19 Serikali iliponunua kwa shilingi 3,300 na wengine wakasubiri miezi, mwenye kangomba ndiye anayebaki na fedha mkononi.

Kwa hiyo bodi inapendekeza mfuko wa masika. Kila kilo itakayouzwa msimu ujao ikatwe shilingi 50, ziingie akaunti ya peke yake isiyochanganywa na fedha za magunia wala posho. Waweka saini wawe watatu, wawili kati yao wanawake wasio na cheo chochote chamani. Kuanzia Februari hadi Juni mwanachama akope humo kwa chakula, matibabu au kupulizia, kwa riba ndogo itakayopangwa na mkutano, na deni likatwe kwenye malipo yake ya mnada. Anayenunua kangomba asikopeshwe. Aliyeuza kangomba akopeshwe kwanza, ili ajikomboe.

Najua mtasema tayari makato ni mengi. Ni kweli, na siku ya mkutano nitasoma kila kato moja baada ya jingine, tuone lipi tunaweza kuliondoa. Na kuhusu matumizi yetu, sisemi tuache jando wala unyago. Hakuna anayeweza kutuambia hivyo. Nasema tu kwamba wauzaji wa pikipiki na vitenge wanajua vizuri tarehe za minada yetu, na mahindi ya kuweka akiba huwa rahisi kununua kabla ya masika kuliko katikati yake. Wenye fedha sasa, nunueni gunia sasa.

Mkutano utafanyika ghalani Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi. Mume mwenye kadi aje na mkewe, maana mke ndiye anayejua siku debe lilipokauka. Pendekezo la shilingi 50 litapigiwa kura ya siri, na safu ya mbele siku hiyo haitakuwa na viti.

Katibu, kwa niaba ya bodi