Mtoto Hali Nyama, Sasa Kagoma Hata Maharage!

Mwezi huu tunaingia jikoni. Kuna ugomvi ambao wanandoa wengi hawausemi mbele za watu, maana unaonekana mdogo. Hauhusu simu wala mshahara. Unahusu kibakuli cha mtoto wa miaka miwili.

Chukua mfano huu. Kijana wa Kipare, mzaliwa wa Kihurio, kalelewa kwenye familia ya Wasabato isiyokula nyama. Yuko Dar kikazi, anakutana na binti wa Mwanza aliyekuzwa na sato na dagaa. Wakiwa wachumba hakuna tatizo: kijana anaagiza chipsi mayai, binti anaagiza kuku, maisha yanaendelea. Wanaoana, wanakubaliana mtoto alelewe bila nyama wala samaki, ila maziwa na mayai yawepo.

Mwanzoni mambo ni safi. Mtoto akifika mwaka mmoja na nusu, anafunga mdomo. Maharage hataki, mchicha anatema. Anachotaka ni chai, biskuti na wali mweupe. Hapo ndipo kasheshe inapoanza. Mama anasema, "Ungeacha ale nyama, si angekuwa na hamu ya kula?" Baba anajibu, "Mimi mwenyewe nimekua hivyo, kwani nimepungukiwa nini?" Halafu Desemba inafika, safari ya Kihurio kwa bibi, na bibi naye ana lake la kusema.

Nani yuko sahihi? Kila mmoja ana nusu ya ukweli. Mtoto hagomi kula kwa sababu amekosa nyama, hapo mama amekosea. Lakini mtoto asiyekula nyama hawezi kulishwa kwa kubahatisha, na hapo baba anatakiwa asikilize.

Kihurio na mboga, wapi na wapi?

Kwa asiyejua, Waadventista Wasabato wana mizizi mirefu Upareni. Wamisionari wao kutoka Ujerumani walifika Upare ya Kusini mwaka 1903, wakaanzia Giti, Mamba, kule milimani. Kihurio, huku chini kwenye joto, ikawa mojawapo ya vituo vyao vya zamani, kama ilivyokuwa Suji. Pamoja na Biblia walileta mafundisho ya afya: kuacha pombe, tumbaku, chai ya majani na kahawa. Nguruwe ni marufuku. Kuacha nyama kabisa ni ushauri, siyo sharti, ndiyo maana utakuta Msabato anakula kuku na jirani yake, Msabato pia, hagusi.

Na usidhani ni mambo ya kijijini. Zile konflekisi unazonunua supamaketi chanzo chake ni hospitali ya Wasabato ya Battle Creek, Marekani. Mwaka 1894 Dk. John Harvey Kellogg na mdogo wake Will walikuwa wakiwatafutia wagonjwa chakula kisicho na nyama, ndipo wakagundua namna ya kuifanya nafaka iwe vipande vyembamba vikavu.

Kwa nini kagoma?

Mtoto akizaliwa na kilo 3, akifikisha mwaka mmoja huwa na kilo 9 hivi. Ameongezeka mara tatu! Mwaka wa pili anaongeza kama kilo 2 na kidogo tu. Kwa hiyo kasi ya kukua inapungua, na hamu ya kula inapungua nayo. Ni kawaida kabisa, hata kwa mtoto anayekula pilau la nyama kila siku.

Jambo la pili ni woga wa chakula kigeni. Kuanzia karibu miaka miwili, mtoto huogopa chakula asichokizoea. Watafiti wameona anaweza kuhitaji kuonjeshwa mara 10 au hata 15 kabla hajakipokea. Sasa wengi wetu tunajaribu mara tatu, tunatangaza, "Huyu hapendi kunde," tunampa biskuti. Mjanja yule! Ameshajua akikataa kunde, biskuti inakuja.

Sahani isiyo na nyama inahitaji akili

Tusidanganyane hapa. Utafiti wa afya nchini wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, na zaidi ya nusu wana upungufu wa damu. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2023, linashauri mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate nyama, samaki au mayai kila siku. Ukiondoa nyama na samaki, mayai yanabeba mzigo mkubwa.

Upande wa pili, mwaka 1991 watafiti wa Loma Linda, California, walichapisha matokeo ya kuwapima urefu watoto wa shule wa Kisabato. Wasiokula nyama hawakuwa wafupi kuliko wenzao. Ila zingatia: walikuwa wanapata maziwa na mayai, na walikuwa wakubwa kuliko huyu wetu wa kibakuli. Kwa hiyo inawezekana, lakini kwa mpango. Mpango wenyewe ni huu:

1. Yai moja kila siku. Likaange, lichemshe, livurugie kwenye wali au uji. Yai na maziwa ndivyo vinavyompa vitamini B12, ambayo haipatikani kwenye mchicha wala maharage. Familia isiyotumia hata mayai na maziwa isisubiri: imwone daktari kuhusu B12 ya dawa.

2. Madini ya chuma na ndimu viende pamoja. Chuma cha maharage, dengu na mchicha huingia mwilini kwa shida. Wataalamu wa Marekani wanakadiria kuwa asiyekula nyama anahitaji chuma karibu mara 1.8 ya mlaji nyama. Vitamini C inasaidia kukipokea: kamulia ndimu kwenye mboga, au mpe chungwa, papai au embe kwenye mlo huohuo.

3. Chai ya majani, hapana. Inazuia chuma kuingia. Nyumba za Wasabato wa Kihurio wamewatangulia wengi hapa: chai yao ni ya mchaichai. Kumbe bibi hakukosea!

4. Maziwa yasizidi nusu lita kwa siku kwa mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja. Akijaza tumbo kwa maziwa, maharage atayakula saa ngapi? Na maziwa ya ng'ombe yana chuma kidogo sana.

5. Ongeza mafuta. Tumbo lake ni dogo, na mboga zinajaza upesi bila kumpa nguvu ya kutosha. Tui la nazi, parachichi, karanga za kusaga au kijiko cha mafuta vinafanya vijiko vitano vifanye kazi ya kumi. Karanga nzima usimpe kabla ya miaka mitano, zinaweza kumkaba.

Makande ya bibi yana siri

Mpare na makande hawatenganishwi. Wengine wanayacheka eti chakula cha shule ya bweni, lakini yana hesabu nzuri sana. Protini ya mahindi ina upungufu fulani ambao maharage yanauziba, na ya maharage ina upungufu ambao mahindi yanauziba. Pamoja vinakaribia ubora wa nyama.

Tatizo ni kwamba tunampa mtoto makande ya watu wazima. Punje za mahindi ni ngumu, meno ya kutafuna vizuri bado, na ganda la haragwe linamkera ulimini. Halafu tunasema mtoto mchaguzi! Loweka maharage na mahindi usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha mpaka vilainike haswa. Toa fungu la mtoto, liponde, weka tui na karoti iliyokunwa. Akiona mnakula chungu kimoja, uoga unapungua. Ukitaka kubadilisha, tengeneza vibanzi vya kunde au dengu avishike mwenyewe. Watoto wa umri huu wanapenda kujilisha, hata wakichafua kila kitu.

Angalizo moja: kwa Wasabato, chakula cha Jumamosi hupikwa Ijumaa. Kwa joto la Kihurio, fungu la mtoto lihifadhiwe vizuri, kwenye friji kama ipo, na likipashwa lichemke kabisa. Likianza kunuka chachu, mwaga.

Acha vita mezani

Kuna mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliyegawa kazi vizuri: mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua ale kiasi gani, au asile. Najua akina mama wa kwetu mtaguna. Tumezoea kumbana mtoto pua, kumfukuza uwanjani na kijiko, kumtishia mbwa. Lakini mtoto anayelishwa kwa nguvu anajifunza kuwa chakula ni adhabu.

Mpe milo mitatu na vitafunio mara mbili, kwa saa zinazojulikana. Katikati ni maji tu. Weka kitu kimoja anachokipenda na kijiko kimoja cha kile anachokikataa. Usimsifu sana, usimgombeze. Baada ya dakika 20 au 30 ondoa sahani bila kelele. Kesho tena.

Sasa nyie wawili

Hapa ndipo kwenye moyo wa mambo. Ninachokiogopa zaidi ni supu ya kuku inayopikwa kwa siri baba akiwa kazini. Dada wa kazi anaambiwa anyamaze, mtoto hajui kunyamaza. Siku atakapomwambia baba yake "nataka kuku," kitakachovunjika ni uaminifu. Na baba anayesema "kwetu hatuli nyama" halafu hajawahi kuloweka maharage wala kwenda kliniki naye ana kesi ya kujibu. Ukiichagua njia hii, ingia jikoni.

Kaeni chini mkubaliane mambo matatu. Moja: mtoto atakula nini na hatakula nini, na kila mmoja aseme hofu yake bila kudharauliwa. Imani ya mume siyo ushamba, na hofu ya mke siyo ukosefu wa imani. Mbili: kadi ya kliniki ndiyo mwamuzi. Mkipima uzito mara mbili mfululizo mstari haupandi, au viganja na ulimi vinakuwa vyeupe, au mtoto anakula udongo, nendeni hospitali akapimwe damu. Mkubaliane mapema kuwa mtafuata ushauri wa daktari, hata ukigusa msimamo wenu. Matone ya vitamini A na dawa za minyoo kila miezi sita msikose.

Tatu: nani ataongea na bibi? Jibu: mwenye mama yake. Mume ndiye aseme, kwa heshima, "Mama, mjukuu wako tunamlisha hivi, tunaomba utusaidie." Mkimwachia mke aseme, itaonekana mkwe anamfundisha mama mkwe kupika, na Desemba nzima imeharibika. Mpeni bibi kazi ya maana: aponde makande, amkamulie chungwa, ale naye mkekani. Mtoto anayemkatalia mama yake nyumbani mara nyingi humkubalia bibi.

Haya, wapenzi, mezani pawe pa amani. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Mpaka hapo, pendaneni!