Kabla ya Kununua RAV4 Iliyokwisha Kutumika

Mzazi wa Bel-Air akiisha kukusanya akiba ya miaka kadhaa, mara nyingi huitamani Toyota RAV4 iliyotengenezwa kati ya mwaka 2000 na 2005. Huambiwa, “Hiyo haifi.” Neno hilo ni nusu ya kweli. Vipuri vyake hupatikana, na mafundi wa mtaani waijua. Lakini sifa ya ukoo si sifa ya kila mtoto. Motokaa iliyotoka Japani, ikashushwa Dar es Salaam, ikapita Tunduma na Zambia mpaka Kasumbalesa, imekwisha kuishi maisha marefu kabla hujaiona.

Ugonjwa wa kuogopwa ni mmoja. Injini za lita 2 za RAV4 hizo, ziitwazo 1AZ, zina mwili wa aluminiamu. Bolti zinazokaza kichwa cha injini zimeshika nyuzi zilizochongwa katika aluminiamu hiyo, nayo ni laini kuliko bolti zenyewe. Baada ya miaka ya joto nyuzi huweza kung’oka, hasa upande wa nyuma, ambapo macho hayafiki upesi. Hapo maji hupenya, injini ikachemka. Kukaza tena hakufai kitu, kwa kuwa bolti haina cha kushika. Dawa ni kuifungua injini, kutoboa matundu na kutia nyuzi mpya za chuma. Nayo gharama yake yaweza kula ada ya shule ya watoto.

Basi nenda asubuhi, injini ikiwa baridi, na muuzaji asiwe ameiwasha. Fungua rejeta: ukikuta maji ya kutu badala ya dawa ya kupozea, uwe na shaka. Mulika kwa tochi nyuma ya injini, pale kichwa kinapokutana na mwili. Madoa makavu ya maji ni ushahidi. Kisha uiendeshe nusu saa, ukiutazama mshale wa joto. Muuzaji akikataa, mwachie motokaa yake.

Tena kuna usukani. Nyingi za motokaa hizi zina usukani wa kulia, nasi Kongo twaendesha upande wa kulia. Katika njia ya Likasi, dereva atakaye kulipita lori haoni mbele mpaka amekwisha kujitokeza. Aketiye kushoto, mara nyingi mama wa watoto, ndiye aonaye kwanza. Akisema “Ngoja,” ungoje.