Kliniki ya meno Dadaab: Mnunuzi hupata nini?

KUUZWA kwa kliniki ya meno si jambo geni jijini Nairobi. Daktari anayestaafu humwachia mwenzake viti, mashine na, lililo muhimu zaidi, jina jema na wagonjwa waliouzoea mlango ule. Swali ni iwapo soko la namna hiyo laweza kustawi Dadaab, Kaunti ya Garissa.

Haja ipo. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, ambazo ya kwanza ilifunguliwa 1991, zina mamia ya maelfu ya watu, na maumivu ya jino hayabagui mkimbizi na mwenyeji. Fedha nazo zipo: utafiti uliofanywa 2010 kwa niaba ya Kenya, Denmark na Norway ulikadiria kuwa biashara za kambini huzungusha takriban dola milioni 25 kwa mwaka.

Tatizo ni kile kinachouzwa. Ardhi ya kambi si mali ya mkimbizi, hivyo jengo halina hatimiliki. Idhini ya kutibu nayo ni ya daktari aliyesajiliwa na baraza la KMPDC, wala hairithiwi pamoja na kiti. Asiyesajiliwa akinunua, amenunua vyuma tu.

Hata jina jema lina thamani ndogo pale ambapo wagonjwa wenyewe huenda wakahamishwa. Mwaka wa 2016 serikali ilitangaza kufunga Dadaab. Mahakama Kuu ikabatilisha agizo hilo Februari 2017. Mwaka wa 2021 tishio lilirudi. Ni nani atakayelipia wateja wa miaka kumi ijayo katika hali hiyo?

Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ilifungua mlango kidogo. Inamruhusu mkimbizi kufanya kazi au biashara anayostahiki, mradi vyeti vyake vitambuliwe na mamlaka za Kenya. Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unakusudia kuzigeuza kambi kuwa makao ya kudumu yanayoshirikisha wenyeji.

Iwapo mpango huo utagusa umiliki wa ardhi na utambuzi wa vyeti, kliniki ya Dadaab itakuwa mali inayouzika kama ya Garissa mjini. Usipofanya hivyo, anayeondoka ataendelea kuuza kwa bei ya kutupa, na mgonjwa atakuwa wa kwanza kupata hasara.