Ngoma Si Shamba, Acheni Kuizungushia Seng'enge

Wiki tatu zilizopita nilikuwa kwa harusi hapa Kitale. Bwana harusi ni wa Bungoma, bibi harusi kwao ni upande wa Mbale, Uganda. Sherehe ilikuwa imepoa, watu wanasinzia na soda mkononi, hadi kikundi cha kina bibi harusi kikaingia na ngoma za kadodi. Manze! Zile ngoma haziombi ruhusa. Kabla emsii amalize kuwatambulisha, mama mmoja wa kutoka Chwele alikuwa ashaweka mkoba chini. Mabega yakaanza. Akina mama wa Mbale wanazungusha kiuno, yeye anarusha mabega, na hakuna aliyepoteza mdundo hata mara moja.

Nikarekodi sekunde arobaini na tano, nikaposti, nikalala na furaha.

Asubuhi nikakuta vita. "Waganda wametuibia ngoma." Mwingine: "Nyinyi Wabukusu ndio mmekopi, asili ni Mbale." Halafu jamaa wa Mlima Elgon akaja na petroli: "Nyote ni wageni, hata tohara yenu mlitoa kwetu." Kufikia saa sita hakuna aliyekuwa anamzungumzia yule mama na mabega yake. Watu walikuwa wanatajiana mashamba.

Sasa najibu mara moja, wote watatu. Na najua wote watatu mtanikasirikia.

Nianze na wewe wa "Waganda wametuibia". Umewahi kujiuliza huo mpaka ulipita hapo lini? Hadi mwaka 1902, Bungoma na magharibi yote hii ilikuwa inatawaliwa kama sehemu ya Uganda. Mwaka huo Waingereza wakauchukua Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakausukuma upande huu, kwa sababu walitaka reli yao iwe chini ya utawala mmoja. Hawakumuuliza kuka wa mtu yeyote. Watu walilala Uganda wakaamka kwingine, na hakuna aliyesonga hata hatua moja.

Lakini mlima haukuhama. Huo Mlima Elgon, wazee wa pande zote mbili wanauita Masaba, na wote wanajiita watoto wa Masaba. Shuka Lwakhakha, vuka daraja, msalimie mtu "mulembe", uone kama atakuuliza maana yake. Lugha zetu zinakaribiana hadi wataalamu wengi wanaziweka kwa kapu moja. Vijana wanatahiriwa mwaka wa shufwa, Agosti, huku na kule. Mwaka 2022, mwaka 2024, wakati Mbale wanafungua msimu wa imbalu pale uwanja wa Mutoto, huku Bungoma vijana wanazunguka na chinyimba mikononi wakialika jamaa, na wanaenda kwa khocha kupewa baraka.

Kaka yako akicheza ngoma ambayo nyote wawili mlifunzwa na mama mmoja, hiyo unaiita wizi? Mimi naiita familia.

Wewe wa "asili ni Mbale", usicheke bado. Kwanza, ulitazama video kweli? Kadodi inaenda na kiuno na msururu wa ngoma. Kamabeka inaenda na mabega. Jina lenyewe linasema: libeka ni bega, kamabeka ni mabega. Hata asiyejua Kibukusu anasikia undugu wa hilo neno na Kiswahili chake. Zikipigwa pamoja zinaelewana, lakini huwezi kusema moja ni kopi ya nyingine, kama vile huwezi kusema binamu yako ni kopi yako.

Pili, hii biashara ya "asili" haina mwisho. Chukua litungu, ile ala yetu ya nyuzi saba ambayo mchezaji wa kamabeka anaijua kama sauti ya babake. Wajaluo wana nyatiti yenye nyuzi nane. Wakisii wana obokano, kubwa, inanguruma. Wakalenjin wana yao. Panda hadi Ethiopia ukute krar. Endelea hadi Misri, pale Port Said na Suez, ukute simsimiyya. Na kule Ur, Iraq ya leo, wachimbaji walitoa kwa makaburi ala za jamii hiyo hiyo zenye umri wa kama miaka 4,500. Sasa tufanye nini? Tuwapeleke Wairaki kortini ama wao watupeleke?

Ukitafuta nani alianza, utarudi nyuma hadi mahali ambapo kabila lako halikuwepo, la jirani halikuwepo, na hata neno "kabila" halikuwepo.

Sasa wewe wa Mlima Elgon, ndugu yangu Msabaot. Wengi walitarajia nikukatalie. Sikukatalii. Ulisema tohara tulitoa kwenu, na wazee wetu wenyewe wanakubali. Kila mtoto wa Kibukusu anasimuliwa habari za Mango, aliyemuua nyoka mkubwa aliyekuwa anamaliza watu. Simulizi zinatofautiana hapa na pale, lakini nyingi zinasema baada ya hapo Mango alitahiriwa na Barwa, na Barwa ndilo jina wazee wetu wanawaita majirani wa Kikalenjin. Yaani tunapoimba usiku kucha kumpeleka kijana mtoni kupakwa tope, tunakumbuka kitu tulichopewa na jirani.

Na kama unadhani hiyo ni hadithi tu, sikiza majina ya marika. Wakalenjin wana Maina, Chumo, Sawe, Korongoro, Kipkoimet, Kimnyige na Nyongi. Wabukusu wana Maina, Chuma, Sawa, Kolongolo, Kikwameti, Kinyikeu na Nyange. Soma tena polepole. Lugha moja ni ya Kinailoti, nyingine ya Kibantu, hazielewani hata kwa "lete maji", lakini zinahesabu vizazi vya watu kwa majina yale yale.

Hayo majina hayakuingia kwetu kwa kuibwa dirishani usiku. Huwezi kuiba rika. Rika unaingizwa, na mtu anayekuamini, mbele ya watu wake. Mahali fulani kwa huo mlima, zamani, mzee wa kwenu alimkubali kijana wa kwetu. Kwa nini wewe, mjukuu wake, unaitumia hiyo siku kutufukuza?

Kuna mtu atasema, "Bro, hizi ni komenti tu, tulia." Siwezi kutulia, kwa sababu mimi ni wa huku. Najua neno "mgeni" linaanzia wapi na linaishia wapi.

Mwaka 1991 na 1992, vyama vingi vilipokuwa vinarudi Kenya, majirani hapa Trans Nzoia na Bungoma waligeuziwa mishale na moto. Waliambiwa hapa si kwenu. Watu walikuwa wameishi pamoja miaka, wameoana, wamechezeana harusi. Familia ngapi za Kitale na Bungoma ziko pale zilipo leo kwa sababu ya usiku mmoja wa mwaka 1992? Waulize wazazi wako, usiniulize mimi.

Halafu ikaja 2006 hadi 2008, SLDF kule Mlima Elgon. Mamia waliuawa, maelfu wakakimbia, na jeshi lilipoingia Machi 2008 wananchi wakaumia mara ya pili. Na hapa ndipo ningependa kila mtu mwenye kimbelembele cha "wenyeji" asimame kidogo. Mgogoro ule wa ardhi ya Chepyuk ulianzia kati ya Soy na Mosop. Wote ni Wasabaot! Lugha moja, mlima mmoja, ngoma moja. Seng'enge ya "huyu ni wetu, yule si wetu" ilianza kwa jirani ikamalizia ndani ya boma.

Ndiyo maana siichukulii hiyo mambo kama utani. Mtu anayeanza na "ngoma si yako" anafanya mazoezi ya kusema "shamba si lako".

Na si sisi tu. Mbali kabisa huko Asia kuna Thailand na Cambodia. Wathai wana khon, Wakambodia wana lkhon khol. Zote ni ngoma za vinyago, zote zinasimulia hadithi ya Rama iliyotoka India, na Hanuman, jemadari wa nyani, yumo kwa zote mbili akiruka vile vile. Thailand wanaiita hadithi hiyo Ramakien, Cambodia wanaiita Reamker. Mwaka 2018 UNESCO iliorodhesha zote mbili, mwaka mmoja. Ungedhani watu watasherehekea pamoja. Wapi! Mitandaoni ni kuitana wezi kila siku, leo vinyago, kesho mavazi. Mwaka 2023 Cambodia ilipoandaa Michezo ya Asia Kusini Mashariki na kuuita mchezo wa ngumi Kun Khmer badala ya Muay Thai, Thailand ilikataa kupeleka mabondia. Julai 2025 majeshi ya nchi hizo yakapigana mpakani.

Sisemi ngoma ndiyo ilileta risasi. Vita vile ni vya mpaka. Nasema hivi: watu waliozoea miaka yote kumuita jirani mwizi hawahitaji kubembelezwa sana siku ambayo mtu anataka wapigane.

Najua swali litakalofuata, na ni swali zuri. "Kwa hivyo ngoma ni ya kila mtu? Prodyusa wa mbali aje achukue sauti ya litungu ya mzee wetu, atengeneze pesa, na sisi tukae tukisema undugu?"

Hapana. Hiyo ni kitu kingine kabisa. Kuna sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na inasema jamii lazima iombwe kibali kabla mtu wa nje hajaitumia sanaa yao. Hapo pigeni kelele, nitawashika mkono. Mtu anayechukua bila kuuliza, bila kutaja, bila kulipa, huyo ndiye mwizi. Mama wa Mbale anayecheza kwa harusi ya binti yake Kitale hajamchukulia mtu chochote. Ameleta.

Na kuna mwizi mwingine, huyu tunampigia makofi. Ni mheshimiwa anayekuja na helikopta saa nane mchana wakati akina mama wamecheza juani tangu saa tatu. Anarusha mabega dakika mbili, anapigwa picha, anaacha pesa kidogo za kugawana watu thelathini. Hapo sijawahi kuona komenti hata moja ya "wametuibia ngoma".

Lakini mwizi mkubwa kuliko wote nitamtaja sasa. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho kwa orodha yake. Wengi walisherehekea kama tumeshinda kombe. Hiyo orodha si ya kombe, wasee. Ni orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, yaani wodi ya wagonjwa mahututi. Na ugonjwa uliotajwa haukuwa jirani mwizi. Ni kwamba wanaoijua wamezeeka na hawana wa kuwarithi.

Wa kuwarithi ni nani? Ni mimi. Ni wewe uliyeandika komenti sabini kuhusu kamabeka na mabega yako hayajawahi kusonga. Mimi mwenyewe pale kwa harusi nilishika simu. Yule mama alinipungia mkono, "Kuja, mwanangu," nikacheka nikasema narekodi. Ukweli ni kwamba sikuwa najua kucheza. Kukhu yangu anajua, yuko hai, yuko Bungoma, nauli tu ya matatu, na sijawahi kumuomba anifunze.

Jumapili iliyopita nilienda. Nikamuuliza, "Kukhu, kamabeka ulifunzwa na nani?" Nilidhani atataja mamake. Akanitajia msichana waliyekuwa wakichota maji naye, ambaye kwao ilikuwa ng'ambo ya mpaka na aliolewa kijijini kwao. Kisha akaniambia nisimame, niache kuinua mabega kama mtu anayeogopa baridi.

Kwa hivyo hii ndiyo kazi ninayowapa, wote watatu. Usiniletee tena nani mwenye ngoma. Nenda umuulize mtu mmoja kwenu alifunzwa na nani, na umtaje huyo mtu kwa jina unapoposti. Halafu umfunze mtu mmoja mdogo kuliko wewe. Kama huna wa kumtaja na huna unayemfunza, basi hiyo ngoma unayoipigania si yako, hata kama kitambulisho chako kinasema umezaliwa Bungoma.

Mimi mabega bado ni magumu. Lakini Desemba kuna harusi nyingine, na safari hii simu inabaki mfukoni.