Kipimo cha kaswende si hati ya talaka

MJAMZITO aendapo kliniki hutakiwa kupimwa damu ili, pamoja na mambo mengine, ijulikane kama ana kaswende. Kipimo hicho ni rehema, lakini katika baadhi ya nyumba zetu kimegeuzwa kuwa chanzo cha fitina. Mke akirudi na majibu mabaya, mume haulizi dawa ni ipi, bali huuliza: "Umekuwa na nani?"

Ndugu zetu, tuzingatie ukweli. Kaswende huanza kwa kidonda kisichouma, kwa kawaida wiki tatu hivi baada ya maambukizi. Kwa mwanamke, aghalabu kidonda hicho hujificha ndani, kisha hupona chenyewe. Huweza kufuata vipele, hata viganjani na nyayoni, navyo hutoweka. Baada ya hapo ugonjwa huweza kukaa mwilini kwa miaka bila dalili yoyote. Aidha, kipimo cha haraka kinachotumika katika kliniki nyingi huweza kuonesha alama ya kaswende hata kwa mtu aliyekwisha kutibiwa akapona.

Basi kipimo hicho hakisemi ugonjwa uliingia lini, wala nani alimwambukiza mwenziwe. Huenda mume ndiye aliyeuleta. Huenda ulikuwapo kabla ya ndoa. Sura ya An-Nur imetuonya vikali juu ya kuwasingizia wanawake wenye kujihifadhi. Imetaka mashahidi wanne, si karatasi ya maabara.

Wazazi wakigombana, anayeangamia ni mtoto. Ugonjwa humfikia tumboni kupitia kondo la nyuma. Mimba huweza kuharibika, au mtoto akazaliwa mfu, au akazaliwa mgonjwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 kulikuwa na matukio 700,000 hivi ya kaswende ya kuzaliwa nayo duniani kote.

Ilhali dawa ipo, nayo ni sindano ya penisilini. Ugonjwa ukiwa bado mchanga, hutosha dozi moja. Ukiwa wa siku nyingi, au haujulikani ulianza lini, hutolewa dozi tatu, moja kila wiki. Mwenye mzio wa dawa hiyo amweleze daktari mapema. Mume naye hana budi kupimwa na kutibiwa, la sivyo atamwambukiza mkewe upya. Wajizuie na tendo la ndoa mpaka daktari awaruhusu.

Nao vijana wanaokusudia kuoana, tunawausia wapime wote wawili kabla ya nikaha, wala wazazi wasilione hilo kuwa ni kuvunjiana heshima.

Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza kutafuta tiba, na hakuwatoa wanaume katika agizo hilo. Mke ni amana, na mtoto aliye tumboni ni amana. Mume anayefuatana na mkewe kliniki amezihifadhi zote mbili. Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu afya na maelewano. Amin.